Nairobi ilipe lori njia yake na saa yake

Ikifika saa nane za usiku, malori ya viazi kutoka Nyandarua huwa yamekwisha kujipanga kandokando ya barabara ya Haile Selassie, yakingoja nafasi ya kuingia soko la Marikiti. Ya kabichi yako nyuma yake, na ya vitunguu yaliyovuka mpaka wa Namanga nayo yako njiani. Mzigo hushushwa kwa mgongo na kupakiwa kwenye mikokoteni. Kufikia alfajiri soko limechangamka, mama mboga wanasukumana wapate bei ya jumla, na jua linapochomoza viazi vile vile vimekwisha kupangwa mafungu kwenye vibanda vya Kayole na Kawangware.

Hakuna mkazi wa jiji hili, awe wa Runda au wa Mathare, asiyekula kwa mgongo wa lori. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu milioni 4.4 ndani ya Nairobi, na sehemu kubwa ya wanachokula, wanachojengea na wanachouziana huwafikia kwa lori. Nalisema hili mapema kwa sababu mjadala wa malori na kelele hapa kwetu umezoea kuwa ugomvi wa pande mbili, wenye biashara huku na wenye usingizi kule, kana kwamba mwenye duka halali na anayelala hanunui.

Sasa tutoke sokoni tuingie mitaani. Umoja, Pipeline, Zimmerman, mpangilio ni ule ule: ghorofa tano au sita za wapangaji, na chini kabisa duka la jumla, kinu cha posho, bohari la saruji au depo ya soda. Lori huingia saa tisa za usiku kwa sababu mchana njia imezibwa na matatu, bodaboda na vibanda. Breki za upepo zinapumua na sauti inapanda hadi ghorofa ya nne. Utingo anaruka chini na kuanza kumwongoza dereva, "Rudi, rudi, kata kulia, rudi, wacha!" huku akipiga bodi ya lori kwa kiganja katika kila neno. King'ora cha kurudi nyuma kinalia bila kukoma. Mnyororo wa mlango wa nyuma unaachwa uanguke wenyewe juu ya saruji, na mlango wenyewe unafuata. Injini haizimwi, kwa sababu betri imechoka na dereva anahofia isiwake tena. Saa nzima magunia ya sukari na katoni za mafuta ya kupikia zinashushwa, wabebaji wakiitana kana kwamba ni mchana. Huko juu kuna mtoto mwenye mtihani asubuhi, na muuguzi aliyetoka zamu akajitupa kitandani saa moja tu iliyopita.

Mwenye duka hajavunja kanuni yoyote anayoijua. Dereva alipewa anwani na namba ya simu, basi. Mpangaji hajui ampigie nani, na akimpigia chifu huenda akaambiwa ni kazi ya kaunti, akienda kaunti akaelekezwa NEMA, mamlaka ya mazingira, akifika NEMA akarudishwa kaunti. Watu wote hawa wana haki upande wao. Kinachokosekana ni uamuzi wa mji kuhusu lori lipite wapi, saa ngapi, na lishushe mzigo kwa namna gani, uamuzi ulioandikwa na kubandikwa mahali ambapo kila mmoja atausoma.

Sheria ya kelele tunayo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo iliyopita kiasi zilitangazwa mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Zinaanza kwa katazo la jumla la kelele kubwa isiyo ya lazima inayomkera mtu au kuhatarisha afya yake. Kisha zinataja mambo ya kuangaliwa: ni saa ngapi, makazi yako umbali gani, kelele ni ya kupita au ya kujirudia, inakuzwa kwa mitambo au la, na je, ingeweza kupunguzwa bila taabu wala gharama kubwa? Hicho kipimo cha mwisho nakipenda kuliko vyote, na nitakirudia. Hata mitetemo imewekewa mpaka: isizidi nusu sentimita kwa sekunde nje ya mpaka wa ploti inakotoka, au umbali wa mita 30 kutoka kwa chombo kinachosonga. Atakayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi Sh350,000, au kifungo cha hadi miezi 18, au vyote viwili.

Halafu kuna jedwali. Katika makazi, nje ya nyumba, kelele ya mchana isizidi desibeli 50. Mahali penye mchanganyiko wa makazi na biashara ni 55. Eneo la biashara, 60. Hizo ni za mchana, yaani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Ikishapita saa mbili usiku, jedwali lote linashuka hadi namba moja: 35. Makazini 35, kanisani na msikitini 35, madukani 35.

Ili kuelewa uzito wa namba hiyo, mtu anapaswa kujua kwamba desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Kila zinapopanda 10, sikio husikia kama sauti imekuwa maradufu, na nishati ya sauti huwa imeongezeka mara 10. Lori kubwa likipita mita chache kutoka ulipo hutoa desibeli 80 na zaidi. Kutoka 35 hadi 80, nishati ya sauti imeongezeka zaidi ya mara 30,000. Hakuna lori duniani, jipya au kuukuu, linaloweza kushusha gunia moja la sukari barabarani usiku na kubaki ndani ya desibeli 35. Hata wabebaji wakiongea kwa sauti ya kawaida watakuwa wameivunja kanuni.

Hapa ndipo kanuni hiyo na matakwa yetu ya usafiri vinapogongana uso kwa uso. Wazo linalopendwa na wengi wanaochoshwa na msongamano ni kwamba malori makubwa yaingie mjini usiku tu, mchana barabara ziachiwe matatu na magari madogo. Kwa upande wa usafiri ni wazo lenye akili. Lakini ukilifuata kwa dhati, umemtuma kila dereva na kila mwenye duka kwenda kuvunja kanuni ya 2009 kila usiku wa Mungu. Na kanuni ambayo hakuna awezaye kuitii humfanya kila mtu mkosaji, na pale kila mtu anapokuwa mkosaji, atakayeshikwa ni yule tu ambaye askari amemchagua. Mengine huishia kwenye maelewano ya dirishani, na sote tunajua maelewano hayo huwa ya namna gani.

Sisemi 35 ifutwe, wala kwamba usingizi ni anasa ya matajiri. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele ndani ya chumba cha kulala isizidi wastani wa desibeli 30, na kishindo cha mara moja kisipite 45, kwa sababu mwili husikia hata mtu akiwa usingizini. Moyo huenda mbio na usingizi hukatika hata kama asubuhi hakumbuki kuamka. Kuhusu watoto, ushahidi ulipatikana New York mwaka 1975. Mwanasaikolojia Arline Bronzaft na mwenzake walilinganisha madarasa ya shule moja ya msingi ya Manhattan iliyojengwa kando ya reli ya juu. Wanafunzi wa darasa la sita waliosomea upande wa reli walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima katika kusoma, wakilinganishwa na wenzao wa upande wenye utulivu. Baadaye reli ikawekewa mipira ya kupunguza mtetemo na madarasa yakawekewa dari za kufyonza sauti. Utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 1981, ulikuta pengo limekwisha. Treni hazikuondolewa na shule haikuhamishwa. Nawafikiria watoto wa Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, wanaosoma na kulala jirani na viwanda na malori ya Eneo la Viwanda.

Sasa nani afanye kazi hii? Katiba ya 2010 haikuacha shaka. Sehemu ya pili ya Jedwali la Nne inazipa kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Sehemu hiyo hiyo inazipa barabara za kaunti, trafiki na maegesho. Na sehemu hiyo hiyo inazipa masoko na leseni za biashara. Yaani serikali moja ndiyo inayompa mwenye duka la jumla leseni, inayoamua lori lake lisimame wapi, na inayotakiwa kuwalinda wapangaji walio juu yake dhidi ya kelele za lori hilo. Kama idara hizo tatu zingekaa meza moja asubuhi moja, nusu ya tatizo ingepata jibu kabla ya chai ya saa nne. Kinachotokea ni kwamba leseni hutolewa kwa kuangalia aina ya biashara na ukubwa wa chumba. Swali la mzigo utafikaje, kwa lori la tani ngapi na saa ngapi, halipewi uzito wowote.

Kelele inayovuta macho ya viongozi ni ya muziki. Mwishoni mwa 2022 serikali ya Gavana Johnson Sakaja ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi, na magazeti yakaandika kwa wiki kadhaa. Wakazi wengi walifurahi, nami niliwaelewa. Lakini klabu inaweza kuhamishwa. Duka la unga haliwezi kuhamishwa mbali na wanaokula unga, ndiyo maana kelele ya lori inahitaji fikra zaidi ya amri ya kufunga.

Ukitazama historia, mji huu haukupangwa kwa ajili ya malori hata kidogo. Nairobi ilizaliwa 1899 kama kituo cha reli, na Eneo la Viwanda likakua ubavuni mwa reli hiyo, matawi ya njia yakiingia hadi ndani ya viwanda. Bidhaa ziliingia na kutoka kwa behewa. Reli ilipodhoofika, mzigo wote ukaangukia barabara ya Mombasa na Uhuru Highway, na kwa miaka mingi lori la kontena linalokwenda Kampala au Kigali lilipita katikati ya jiji kuu, likipishana na wafanyakazi wanaokimbilia ofisini. Barabara ya kando ya kusini, Southern Bypass, ilipofunguliwa mwaka 2016 ikiwa na urefu wa karibu kilomita 30 kutoka barabara ya Mombasa hadi Kikuyu, lori la safari ndefu likapata njia yake. Pamoja na zile za mashariki, kaskazini na magharibi, zimeufunga mji mzima kama mkanda. Hiyo ni kazi kubwa iliyofanyika, na anayekumbuka foleni za zamani za Nyayo Stadium hatakosa kushukuru.

Lakini mkanda haufikishi unga Umoja. Reli mpya ilianza kubeba kontena kutoka Mombasa mwaka 2018 hadi bandari ya nchi kavu ya Embakasi, na pale kila kontena hupanda lori kwa mwendo wa mwisho. Mwendo huo ni mfupi na ndio wenye taabu zote: barabara nyembamba, nyaya za umeme zinazoning'inia, watoto, mitaro isiyofunikwa. Barabara za mitaa hazikujengwa kubeba uzito huo. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka maradufu, madhara kwa barabara huwa karibu mara 16. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti mizigo, ya mwaka 2016, inaruhusu lori la ekseli saba kufikia tani 56, na mizani ya Mlolongo inahakikisha halizidi. Kilomita chache baada ya mizani hiyo, lori lile lile linaweza kukata kona na kuingia mtaa wenye lami nyembamba, na hakuna kibao kinachosema lisiingie.

Tumekwisha kuona gharama ya kutojali lori linaingia wapi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lililobeba gesi lililipuka Mradi, Embakasi, katikati ya nyumba za watu. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. NEMA ilikiri kwamba leseni ya mazingira ya kituo cha gesi kilichokuwa pale ilitolewa kinyume cha utaratibu na maafisa wake wakasimamishwa kazi. Gesi na sukari si kitu kimoja, najua. Ila swali lililopaswa kuulizwa siku ya leseni ni lile lile: je, hapa ni mahali pa lori la aina hii?

Dereva naye ana lake. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 66A, inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Haisemi neno juu ya saa anazokaa akingoja. Dereva aliyetoka Mombasa au Busia akaambiwa asiingie mtaani hadi usiku wa manane hulala ndani ya kabini kando ya barabara kuu ya Mlolongo au Athi River, bila choo, bila maji, huku utingo akilinda mafuta yasinyonywe. Akiingia mjini amechoka, ana hasira, na anataka kushusha mzigo aondoke. Nusu ya kelele zinazotuamsha ni sauti ya uchovu huo. Yadi za maegesho zenye mwanga, vyoo na mgahawa pembezoni mwa jiji ni sehemu ya udhibiti wa kelele sawasawa na kifaa cha kupimia desibeli.

London ilishughulika na jambo hili miaka 40 iliyopita. Tangu 1985 mji huo una mpango wa kudhibiti malori yenye uzito unaozidi tani 18. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi siku za kazi, na kuanzia saa saba mchana Jumamosi hadi saa moja asubuhi Jumatatu, malori hayo hubaki kwenye barabara kuu zilizoorodheshwa. Mwenye mzigo wa kupeleka mtaani huomba kibali, nacho hutolewa bure, ila kibali kinamtaka apite barabara kuu hadi mahali pa karibu kabisa na anakokwenda, ndipo aingie mtaani kwa njia fupi iwezekanavyo. Anayekiuka hutozwa, na hapa ndipo pananivutia: faini ya kampuni yenye lori imefika hadi pauni 550, ya dereva hadi pauni 130. Mwenye kupanga safari hulipa zaidi ya mwenye kushika usukani. Huku kwetu mzigo wa kosa humwangukia dereva, na mara nyingi hutoka mfukoni mwake palepale barabarani, wakati aliyemtuma saa tisa za usiku yuko kitandani.

Uholanzi ilikwenda hatua nyingine. Mwaka 1998 iliweka kanuni kwa maduka kwamba kushusha mzigo kusizidi desibeli 65 kati ya saa moja jioni na saa tano usiku, wala 60 kutoka hapo hadi saa moja asubuhi, zikipimwa umbali wa mita saba na nusu. Kisha serikali ikasaidia watengenezaji kubuni vifaa vinavyotimiza kipimo hicho: sakafu za lori zilizofunikwa kwa mpira, toroli zenye magurudumu laini, milango isiyogonga, mashine za baridi zisizonguruma. Tazama tofauti. Namba zao za usiku ni za juu kuliko 35 yetu, na bado watu wao wanalala, kwa sababu namba hizo zinapima kazi yenyewe ya kushusha mzigo, zinawezekana, na mwenye duka anajua anunue nini ili asiwe mkosaji.

Nairobi haihitaji kusubiri malori mapya kutoka Ulaya. Kipande cha mpira wa tairi kuukuu, ambacho fundi yeyote wa Gikomba atakukatia, kikifungwa kwenye ukingo wa mlango wa nyuma wa lori kinaua kishindo. Mnyororo unaweza kushikwa kwa mkono badala ya kuachwa uanguke. Injini inaweza kuzimwa kama mwenye gari atanunua betri. Utingo mwenye tochi anaweza kumwongoza dereva kwa mwanga bila kupiga bodi wala kupaza sauti. Mkokoteni wenye magurudumu ya mpira uliojazwa upepo hauumizi masikio kama wenye rimu tupu. Mambo haya yote yamo ndani ya kile kipimo cha kanuni za 2009 nilichosema nitakirudia, kelele inayoweza kupunguzwa bila taabu wala gharama kubwa. Mwenye duka asiyejali hata mambo madogo kama haya ana hoja gani mbele ya jirani yake?

Wapo watakaouliza mbona sizungumzii kelele za mafundi. Nitawazungumzia kwa kifupi. Kamukunji, nyundo huanza asubuhi na hazinyamazi hadi jioni, masanduku ya chuma, majiko, mabeseni na karai zikizaliwa mbele ya macho yako. Ukipeleka kifaa cha kupimia pale, desibeli 60 za eneo la biashara zitakuwa zimepitwa na nyundo ya kwanza. Mimi naona waachwe. Wako mahali pao kwa miongo mingi, wanafanya kazi mchana, na usiku watu wanapolala wao hawapo. Wanachohitaji ni viziba masikio, kwa sababu wanaoumia kwanza ni wao wenyewe. Fundi wa kuchomelea vyuma aliyefungua kibanda chini ya dirisha la chumba cha kulala Kasarani, akikata chuma saa nne za usiku kwa sababu mteja anataka geti kesho, huyo ni jambo jingine, na leseni yake ingepaswa kuandikwa saa za kufunga mashine.

Pingamizi zito zaidi ni la bei. Wenye biashara watasema kila saa lori linaposubiri ni pesa, na pesa hiyo itaishia kwenye bei ya unga. Ni kweli, nami silichukulii jambo hilo kwa wepesi. Lakini kinachowagharimu leo ni kutojua. Dereva hajui kama atakamatwa, mwenye duka hajui mzigo utafika lini, na mbebaji wa mizigo anakesha kibarazani akingoja lori ambalo huenda lisije, bila malipo ya kungoja. Saa zikijulikana, kwa mfano mtaa wa makazi ukipokea malori kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa mbili na nusu, kisha tena alasiri, na sehemu ya kushushia ikachorwa kwenye lami na kulindwa isigeuzwe maegesho ya magari ya watu binafsi, kila mmoja ataipanga siku yake. Soko kama Marikiti, lililoko mahali pa biashara na ambalo maisha yake ni ya usiku, liandikiwe saa zake lenyewe na kiwango chake cha kelele, kinachowezekana na kinachopimwa. Na malori makubwa ya kontena yashushe pembezoni, mzigo uingie mitaani kwa magari ya tani tatu au saba yanayoweza kukata kona bila kurudi nyuma mara tano.

Kwa hiyo ombi langu kwa Kaunti ya Nairobi ni karatasi moja. Upande wa mbele, ramani: barabara ambazo lori hupita saa zote, barabara ambazo huingia tu likiwa na mzigo wa kushusha pale, na mitaa iliyofungwa kwa malori usiku. Upande wa nyuma, saa, viwango, faini ya mwenye lori na ya dereva, na namba moja ya simu inayopokelewa usiku. Karatasi hiyo itolewe pamoja na kila leseni ya biashara, na ibandikwe mizani ya Mlolongo na kwenye geti la bandari ya nchi kavu, kwa Kiswahili kinachoeleweka na dereva wa kutoka Tanga au Bujumbura.

Na wewe unayeishi juu ya duka la jumla, au unayelimiliki, usisubiri kaunti ikukumbuke. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti litunge, lirekebishe au lifute sheria yoyote iliyo chini yake. Kaeni wapangaji na wenye maduka wa barabara moja, mkubaliane saa za lori, muandike, mtie sahihi pande zote mbili, na mpeleke kwa karani wa bunge la kaunti, City Hall.